Udi wa Nyumba ya Bi Mwanakombo

Mnusi wa Posta ya Wete hakuwa na uso wala mikono, wala chochote cha kumfanya mtu amwamkie. Alikuwa sanduku jeupe lenye matundu mengi kama chujio la chai, na ndani ya kila tundu mlikuwa na pua. Si pua ya kusemea tu. Wahandisi walichukua chembe hai kutoka pua za mbwa, wakazikuza juu ya vigae vyembamba vya kielektroni, kisha wakazifundisha kutaja kila zilichonusa. Mzigo ulikuwa haujamaliza kupita mbele yake kabla hajakwambia kilichomo. Alishakamata sumu, alishakamata samaki aliyeoza, na mara moja, jambo ambalo watu wa Wete hawalisahau, alitangaza mbele ya foleni nzima kwamba begi la mzee mmoja mheshimiwa lina chupa ya gongo. Mzee yule alihamia mji wa Chake Chake.

Siku hiyo alipitishiwa kijisanduku cha bati kilichofungwa vizuri kwa kitambaa cheupe.

"Udi," alisema Mnusi. "Sukari iliyopikwa. Marashi ya mawaridi. Sandali. Ambari kidogo. Makonyo ya karafuu. Mzigo halali. Unakwenda Kituo cha Anga cha Kilele."

Bi Zuwena, mwenye mzigo, alitabasamu kama mzazi anayesikia mwanawe akisifiwa shuleni. Lakini moyoni aliona Mnusi amesema nusu tu. Alitaja vitu, hakutaja nyumba.

Maana udi wa Bi Zuwena haukuwa mmoja. Mama yake, Bi Kazija, alipika udi Wete maisha yake yote, na kila nyumba aliyoipikia aliichanganyia kivyake: hii ambari izidi, ile sukari iungue kidogo, nyingine zafarani iguse tu na kuondoka. Mtu akipita mitaani Ijumaa aliweza kujua kwa kunusa amefika mlangoni kwa nani. Michanganyiko hiyo haikuandikwa popote. Bi Kazija alimrithisha bintiye kwa kumshika kisogo na kumwinamisha juu ya sufuria mpaka akariri. Sasa Bi Kazija yuko kaburini, mji umejaa minara ya vioo na magari yanayojiendesha, na Bi Zuwena huuza kupitia Gulio, soko la mtandao linalounganisha miji ya dunia na vituo vyote vya angani. Hata hivyo, juu ya kila kijisanduku huandikwa maneno yale yale ya zamani: Udi wa Bi Kazija.

Oda ya Kilele ilikuwa fupi. "Udi wa nyumba ya Bi Mwanakombo wa mtaa wa Jadida. Ni mama yangu. Mimi Faki Shaame, fundi wa mabomba ya hewa." Bi Zuwena alimkumbuka Bi Mwanakombo, aliyefariki mwaka uliotangulia. Alikumbuka na maziko yake, watu wakinong'ona kwamba mwanawe yuko juu, hawezi kushuka, chombo kimeshaondoka. Basi akaupika udi ule kwa moyo wake wote. Na kama ilivyokuwa desturi ya nyumba yao, kabla ya kufunga alikifukiza kitambaa cha kufungia kwa udi ule ule, ili mwenye kufungua apokewe na harufu kabla hata hajatafuta makaa.

Majibu yalikuja mwezi uliofuata, yakiwa ya rangi nyekundu kwenye kioo cha ukutani.

*Malipo yamerejeshwa kwa mnunuzi. Sababu: udi hauna harufu yoyote.*

"Hauna nini?" aliuliza Asya, mdogo wake, aliyekuwa akikuna nazi.

"Harufu."

"Khaa! Huyo kauchoma wote, kashiba, sasa anataka na hela zake. Wezi wamefika mpaka mbinguni!"

Bi Zuwena hakucheka. Chini ya maneno yale mekundu palikuwa na mengine, na hayo ndiyo yaliyomkata maini. Muuzaji alikuwa na haki ya kupinga mbele ya Msuluhishi wa Gulio. Akishindwa, au akinyamaza, bidhaa yake ingewekewa alama ya BANDIA, na alama hiyo ingekaa juu ya jina la Bi Kazija popote Gulio lilipofika. Hela alizikubali zipotee. Jina la mama yake je?

Mnusi asingemsaidia. Miaka ya nyuma walitokea matapeli waliotengeneza marashi ya kuwahadaa wanusi: mashine inasema waridi, mtu akinusa ni mafuta ya taa. Tangu hapo Gulio likaweka kanuni kwamba kwa bidhaa za harufu, pua ya mtu hutangulia. Faki Shaame aliijua kanuni hiyo, na katika malalamiko yake aliandika: "Mashine hudanganywa. Mimi ni fundi wa hewa, pua yangu hupimwa kila mwezi. Nimeukaribia udi huu mpaka umenigusa midomo. Ni vijiti tu."

Bi Zuwena aliyasoma maneno hayo mara nyingi, na kila mara hofu moja ilimpanda. Alikuwa mtu mzima sasa. Je, kama yeye ndiye aliyepotewa na pua? Je, kama siku zote hizi anapika kwa mazoea tu, na watu wanamstahi? Alichukua kipande kilichobaki kwenye sufuria, akakiweka juu ya makaa ndani ya chetezo, akaketi akivuta pumzi. Alisikia harufu. Lakini aliisikia kweli, au aliikumbuka?

"Asya," aliita. "Njoo hapa. Niambie unasikia nini, usinifiche."

Asya alikuja akijifuta mikono, akavuta pumzi, akasimama. "Kwa Bi Mwanakombo," alisema. "Siku ya Idi." Kisha akamtazama dada yake. "Dada, mbona unalia?"

Bi Zuwena alisema ni moshi.

Shauri lilisikilizwa katika kibanda cha suluhu pale sokoni Marikiti, chumba kidogo chenye kiti kimoja na zulia. Msuluhishi hakuonekana, alikuwa sauti tulivu, akili iliyoundwa ili isimpendelee mtu wala isimchoke mtu, na ndiyo iliyoamua magomvi yote ya Gulio. Mbele ya kiti iliwaka sanamu ya nuru, na ndani yake akatokea mwanamume mwembamba, ndevu zimeanza mvi, amekaa katika karakana yenye mabomba kila upande. Bi Zuwena alikuwa amejiandaa kumvalia njuga. Lakini yule mtu aliinamisha kichwa na kusema:

"Shikamoo, mama."

Bi Zuwena hakuitarajia. "Marahaba," alijibu kwa ukavu.

"Muuzaji aanze," alisema Msuluhishi.

"Namuuliza bwana huyu, aliuchoma udi wangu juu ya nini? Udi si pipi, haulambwi."

"Makaa hayaruhusiwi huku, mama, moto marufuku. Nimetumia bamba la umeme. Hata sasa ninalo." Faki alionyesha kibamba cheusi mezani, akaweka juu yake kipande cha udi. "Utaona mwenyewe. Moshi utatoka, harufu haitatoka."

"Na kitambaa?"

"Kitambaa gani?"

"Kilichofungia. Ulipokifungua hukusikia kitu?"

Faki alikivuta kitambaa kile kutoka droo. Kumbe alikitunza. Aliuzika uso wake wote ndani yake, kama mtu anayejifuta machozi, akakaa hivyo kitambo. Alipokiondoa, macho yalikuwa mekundu.

"Mama, mimi sikuzika," alisema. "Nilisikiliza matanga kwa redio nikiwa nimeshika spana. Nikajiambia, basi, nitaagiza angalau harufu ya nyumbani, niifungue siku ya Idi nikae nayo. Nimefungua, hamna kitu. Nimekuwa kama niliyeambiwa kwamba hata nyumba yenyewe haikuwapo. Sikutaka hela yako. Nilitaka mtu aniombe radhi."

Bi Zuwena alimtazama. Miaka yote ya kuuza alishaonana na waongo, na waongo huwa na maneno mengi na macho makavu. Huyu hakuwa mmoja wao. Hasira aliyoibeba tangu nyumbani ilianza kumponyoka, na asijue aishike kwa wapi.

Nyuma ya Faki, moshi mwembamba ulikuwa umeanza kupanda kutoka kwenye bamba. Mlango wa karakana ukafunguka. Mwanamke aliyevaa ovaroli ya bluu akachungulia, jina lake limeandikwa kifuani: NEKESA.

"Wee Faki, unachoma nini? Inanukia hadi kule kwa vyumba vyetu! Ni kama mko na harusi huku."

Faki hakugeuka. Uso wake uliganda. Nekesa alingoja jibu, alipolikosa akatikisa kichwa, akaenda zake, na mlango ukajifunga.

"Sauti ya mtu wa tatu imesikika," alisema Msuluhishi kwa utulivu ule ule. "Kwa kanuni ya faragha siizingatii, wala siiandiki, mpaka mmoja wenu aiite kuwa shahidi. Bi Zuwena, unaiita?"

Ushindi ulikuwa umewekwa mapajani mwake. Neno moja tu, na jina la mama yake lingetakasika. Alifungua kinywa. Lakini Faki alikuwa amekamata tena kile kitambaa, anakinusa, anakigeuza, anakinusa upande wa pili, haraka haraka, na Bi Zuwena akaitambua hofu ile, kwani yeye mwenyewe alikuwa ameionja mbele ya chetezo.

"Naomba kusema naye peke yetu," alisema.

"Faragha ya wadaawa imekubaliwa," alisema Msuluhishi, na taa ndogo ya kijani, iliyoonyesha kwamba anasikiliza, ikazimika.

Faki akasema, taratibu:

"Chakula hakina ladha huku. Kila mtu hulalamika, damu hupanda kichwani, pua huziba. Nikadhani ni hayo hayo."

"Si unasema wanakupima?"

"Kila mwezi. Unaingia chumba cha pua, mashine inakupulizia harufu ya kuungua, ukiisikia unabonyeza." Alikitazama kidole chake. "Kizibo cha mashine kinalia kabla haijapuliza. Tik. Kidogo tu. Wallahi mama, sikujua. Mkono wangu ulikuwa unabonyeza kwa kusikia ile tik."

"Wakijua?"

"Ikitoka kwenye hukumu, itasemekana nimehadaa kipimo. Watanishusha bila haki yoyote, na sitaajiriwa tena popote. Anayejitaja mwenyewe huhesabiwa mgonjwa wa kazini, hutibiwa. Lakini naye hushushwa. Kazi ya mabomba bila pua haipo." Akamtazama kwa macho ya kuomba. "Miezi minane imebaki kwenye mkataba wangu, mama. Minane tu. Wanusi wako kila kona, kukiungua kitu watasema wao."

"Wanusi hao hao uliowakataa kwenye shauri langu?"

Faki akalitazama bamba lililokuwa bado linafuka.

"Yule binti aliyechungulia," Bi Zuwena aliendelea, "chumba chake kiko wapi?"

"Juu ya bomba kuu."

"Basi unajua."

Alijua. Ilionekana alivyoshusha mabega. Bi Zuwena aliutazama mkono wake mwenyewe, wenye alama za sukari ya moto ya miaka mingi, akamfikiria Bi Kazija, aliyemshika kisogo na kumwinamisha juu ya sufuria. Alimwona mama yake akimkasirikia. Kisha akamwona Bi Mwanakombo, akiingia uani kuulizia udi wake, na kila akija akisimulia habari za mwanawe aliye juu: kapanda cheo, kanunua kiwanja, atarudi. Iliuma, wala hakujidanganya kwamba haiumi.

"Sikiliza, mwanangu. Sitamwita shahidi. Wataliwekea alama jina la mama yangu, na mimi nitaivumilia. Hiyo ndiyo nafasi ninayokununulia. Nenda ukajitaje kwa mdomo wako, utoke hapo ukiwa mgonjwa, usitoke ukiwa mwongo. Lakini mwezi ukiandama nawe bado umenyamaza, nitaomba shauri lisikilizwe upya na nitasema yote. Sitalala mimi huku na watu wanalala juu ya bomba lako."

"Kwa nini unanifanyia hivi?" aliuliza Faki. "Hunijui."

"Najua mlivyokuwa mkinukia kwenu," alisema Bi Zuwena. Taa ya kijani ikawaka tena.

"Bi Zuwena," alisema Msuluhishi, "unaita shahidi?"

"Sina shahidi."

Hukumu ilichukua muda mfupi kuliko kumenya kitunguu. Rejesho likathibitishwa. Alipotoka nje ya kibanda, alama ilikuwa imeshatangulia nyumbani.

Asya hakusema naye siku nzima, na aliposema alisema mno. Wateja wa Dubai wakafuta oda zao. Bibi harusi mmoja wa Unguja, ambaye bibi yake na mama yake wote waliozwa kwa udi wa Bi Kazija, alituma ujumbe wa adabu akiomba radhi kwamba wakwe wameona alama. Pale Posta, Mnusi aliendelea kutangaza, "Udi. Halisi," na watu kwenye foleni wakatazamana. Bi Zuwena hakumweleza mtu. Alikwenda kaburini kwa mama yake, akang'oa magugu, akaomba dua, akakaa pale kama mtoto aliyevunja sahani na hajaulizwa bado. Kila jioni alitoka uani akautazama mwezi unavyokonda.

Kabla haujaandama, alama ikaondoka. Kwenye kioo cha ukutani palitokea maneno ya Gulio, makavu kama kawaida yao: *Mnunuzi ameondoa malalamiko. Malipo yamerudi kwa muuzaji. Maelezo ya mnunuzi: udi ni halisi, kasoro ni yangu.* Asya aliyasoma, akayasoma tena, kisha akaja akaketi karibu na dada yake, akaanza kumchambulia makonyo.

Faki alishuka kwa chombo cha msimu wa karafuu. Alikuja Wete kwa miguu kutoka kituo cha magari, kwa sababu kutembea ardhini ndiyo dawa waliyomwandikia, akafika mlangoni anahema, amekonda, fimbo mkononi. Bi Zuwena alimkaribisha jamvini. Asya alileta kahawa na kashata, akamkazia macho ya kumpima, halafu akamwongezea kashata nyingine.

"Wamekutibu?" aliuliza Bi Zuwena.

"Walijaribu. Daktari kasema huenda ikarudi, huenda isirudi." Alizungusha kikombe mkononi. "Walilifungua bomba kuu baada ya kunishusha. Nekesa kaniandikia. Palikuwa na waya unaoungua kidogo kidogo ndani ya ukuta, chumba cha pili kutoka chake. Mnusi wa pale alikuwa ameuzoea, akauhesabu kuwa harufu ya kawaida. Nilipita hapo kila siku, mama. Kila siku."

Bi Zuwena alinyanyuka, akachukua chetezo, akapanga makaa, akaweka kipande cha udi wa nyumba ya Bi Mwanakombo. Moshi ukapanda, ukajikunja chini ya dari, ukashuka juu ya mabega ya Faki. Naye akaufunika uso wake kwa viganja, akauvuta moshi kwa nguvu zake zote, akaurudia. Kisha akatikisa kichwa.

"Nauona tu," alisema. "Nausikia joto lake." Akamgeukia. "Niambie, mama. Unanukiaje?"

Bi Zuwena alikaa kitako. Maisha yake yote alikuwa na udi, na hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Mnusi angelijibu mara moja: sukari, marashi, sandali. Yeye alifumba macho, akavuta pumzi, akatafuta.

"Kwanza inakuja sukari," alisema polepole, "lakini sukari ya asubuhi mapema, chai haijawa tayari, na mtu keshaamka zamani kwa ajili yako. Halafu makonyo, yametoka juani, bado yana vumbi la mkeka. Waridi liko nyuma, kwa mbali. Ni la kanga iliyokunjwa sandukuni ikingoja siku yake. Na chini kabisa..." Alisita. "Chini kabisa kuna mtu amekuogesha kwa maji ya moto, amekukausha, amekuvika kanzu mpya, anakusimamisha mguu huku na mguu huku juu ya chetezo moshi ukuingie, na anakwambia, Faki, tulia, utaungua."

Mabega ya Faki yalianza kutetemeka.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Ndivyo alivyokuwa akisema."

Mlangoni Asya alikuwa amejiziba mdomo kwa upande wa kanga. Makaa yalikuwa bado na moto mwingi.

"Endelea, mama," alisema Faki.